Kuota huku ukijua unaota

Mtu huweza kutambua, akiwa bado usingizini, kwamba anaota. Hali hii inaweza kumsaidia mtoto anayesumbuliwa na ndoto za kutisha.

Anza mchana. Mwombe akusimulie ndoto yake, kisha abuni mwisho mwingine: lile zimwi linalomkimbiza linanywea hadi kuwa dogo kama kifaranga. Usimcheke. Kabla ya kulala arudie mwisho huo na kusema, “Nikiliona zimwi, nitajua naota.” Huenda ikachukua siku nyingi.

Watu wazima wengine hutega saa iwaamshe alfajiri, kisha hulala tena ili waote. Mtoto asiamshwe hivyo, nawe unayenyonyesha usijaribu. Usingizi wenyewe ni wa kuibia.

Ndoto zikirudi mara kwa mara, au zikianza baada ya mtoto kuumizwa, mpeleke kituo cha afya.