Historia Iliyoandikwa Nyayoni: Sugu za Miguu kutoka Njia za Misafara hadi Gitega na Muyinga

Katika masomo yetu ya historia ya Burundi tunasoma sana habari za wafalme, ng'ombe, ngoma na mipaka. Habari za miguu tunazisoma kwa nadra, ingawa kwa karne nyingi hakuna mzigo, barua wala jeshi lililopita katika milima hii ila kwa miguu ya watu. Insha hii inajadili alama ndogo ambayo safari na kazi hizo ziliiacha mwilini, yaani sugu za miguu. Hoja yangu ni kwamba sugu haijawa kitu kimoja wakati wote. Imebadilika kadiri kazi, njia na viatu vilivyobadilika. Asiyeyajua mabadiliko hayo huwaelewa vibaya watu wa zamani, na huweza pia kuwadhuru wa leo kwa kuwatibu vibaya.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kubanwa na kusuguliwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mkulima anayo kiganjani kwa sababu ya mpini wa jembe, na mwenye kuswali sana huweza kuwa nayo kwenye paji la uso. Kutokana na maana hiyo tukapata tatizo sugu, ugonjwa sugu na mhalifu sugu, yaani kitu au mtu aliyezoea hata hasikii tena. Lugha imekwisha kutoa hukumu hapa: mwenye sugu hana hisia. Je, ni kweli?

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliopima nyayo za watu nchini Kenya, wengine waliozoea kutembea pekupeku na wengine waliozoea viatu. Waliozoea kutembea pekupeku walikuwa na sugu nene zaidi, lakini nyayo zao zilihisi mtikisiko wa ardhi sawasawa na za wenzao. Tokeo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa historia. Wasafiri wa kizungu wa karne ya 19 mara nyingi waliwaeleza wapagazi kama watu walioumbwa kwa ajili ya mizigo. Tukichukulia kwamba mguu wenye sugu hauhisi, tunarudia hukumu ileile bila kujua. Mpagazi alikuwa anahisi njia yote aliyopita.

Na njia ilikuwa ndefu. Kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 ya nguo, shanga au pembe za ndovu, baadhi wakiwa pekupeku na wengine wakivaa ndara za ngozi ghafi penye miiba na mawe. Misafara hiyo haikupenya ndani ya Burundi kama ilivyopenya nchi jirani, kwa kuwa Mwezi Gisabo aliizuia nguvu ya Rumaliza aliyekuwa akitawala biashara huko Ujiji. Hata hivyo, kilichokuwa kikisafiri katika nyayo za watu hakikuhitaji ruhusa ya mfalme.

Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell, ikitoka Brazili, ilifika Ambriz huko Angola ikiwa na funza katika mchanga wake. Mdudu huyu, ambaye wengine humwita tekenya na ambaye kwa Kirundi ni imvunja, hujichimbia katika ngozi ya mguu na kutaga mayai humo. Alifuata njia za misafara kupitia Kongo, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshafika Zanzibar. Oscar Baumann, aliyevuka Burundi mwaka 1892, aliwakuta watu wa Uzinza, kusini mwa Ziwa Viktoria, wakiteseka vibaya kwa funza, kwa sababu mdudu alikuwa mgeni na hawakujua namna ya kumtoa. Kutokana na hayo tusiitukuze hali ya kutembea pekupeku. Sugu pana ya kisigino ilikuwa kinga dhidi ya changarawe, lakini haikumzuia funza aliyeingia pembeni mwa kucha, wala minyoo ya safura.

Wajerumani walipohamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura kwenda Kitega mwaka 1912, ndiyo Gitega ya leo, reli ya kati ilikuwa ikijengwa upande wa Tanganyika. Ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuvuka kuingia Burundi. Kwa hiyo kila sanduku la karani, kila mfuko wa chumvi na kila risasi iliyokwenda Kitega ilipandishwa milimani kichwani au begani mwa mtu. Waswahili wa miji yetu wana mizizi katika enzi hiyo, yaani askari, wachuuzi, makarani na wapagazi waliokuja na utawala na biashara, kisha wakabaki.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizidisha mzigo huo. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kitega mwezi wa Juni 1916 na kuichukua Tabora mwezi wa Septemba mwaka huohuo, yakitegemea maelfu ya wapagazi. Katika nchi jirani kumbukumbu ya wapagazi wa Waingereza imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi. Tunajua majina ya makamanda wa pande zote, lakini watu waliowabebea chakula hatuyajui majina yao.

Chini ya Wabelgiji ilikuja akazi, kazi ya lazima ya kulima barabara, kupanda miti na kutunza kahawa. Barabara zilipunguza upagazi, lakini zilijengwa na watu walewale. Wengi waliikimbia akazi, kodi na kiboko, wakaenda Uganda kwenye mashamba ya Buganda, au Tanganyika kwenye mkonge. Kwa watu wa Muyinga mpaka ulikuwa mlangoni, na ng'ambo yake ilikuwa Bugufi, sehemu ya ufalme wa Burundi iliyobaki upande wa Waingereza. Walikwenda kwa miguu na wakarudi kwa miguu. Wanawake waliobaki nyumbani nao walipanda na kushuka vilima kila siku wakiwa na maji, kuni na jembe. Magaga ya visigino vyao hayakuandikwa katika ripoti yoyote ya bwana shauri.

Pamoja na fedha za Uganda vilikuja viatu. Kwanza kiatu kilikuwa alama ya cheo: mwalimu, karani, katekista, askari. Baadaye zilienea ndara za mpira wa tairi, kandambili, viatu vya plastiki, na hatimaye viatu vya mitumba vinavyojaa masokoni Gitega na Muyinga leo. Viatu vilileta faida kubwa, kwa kuwa vilipunguza funza, safura na pepopunda. Lakini vilileta pia sugu ya namna nyingine. Sugu ya mtu wa pekupeku ni pana, imeenea katika unyayo, na kwa kawaida haiumi isipopasuka. Sugu ya kiatu ni ndogo na ya duara, hukaa juu ya kidole au kati ya vidole, na ina kiini kigumu kinachoelekea ndani kama msumari na kubana neva. Kiatu cha mtumba huzidisha tabu, kwa sababu kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Mnunuzi huangalia namba na bei, lakini upana haupimwi na mtu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu ni vivyo hivyo.

Tiba nayo ina historia yake. Tiba ya kale kuliko zote ni kisu, ambacho siku hizi ni wembe. Katika karne ya 19 Wajerumani walianza kutengeneza asidi ya salisili viwandani, na daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, akasaidia kueneza matumizi yake ya kulainisha ngozi ngumu. Plasta za sugu zinazouzwa katika maduka ya dawa hadi leo zina asidi hiyohiyo. Somo kubwa zaidi lilitoka kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, alionyesha kwamba vidonda vya nyayo zao havikutokana na nyama kuoza yenyewe. Vilitokana na shinikizo la kila siku kwenye mguu usiohisi maumivu. Mahali ambapo sugu ilinenepa, chini yake kidonda kilikuwa kikijiandaa. Tiba yake ilikuwa kupunguza sugu kwa uangalifu na kuwapa wagonjwa ndara zenye soli laini.

Somo hilo linatuhusu kwa sababu ya kisukari. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu polepole, akakata sugu yake kwa wembe nyumbani, asisikie kwamba amejijeruhi, na kidonda kikafika mfupani. Kwa mtu huyo sugu ni kazi ya muuguzi au daktari. Asitumie wembe, na plasta yenye asidi asiibandike bila kuuliza. Kwa watu wengine wenye afya, hatua ni rahisi: kuloweka mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kama 10, kusugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu bila kufika kwenye ngozi laini, kukausha vizuri kati ya vidole, kisha kupaka mafuta ya mgando. Hayo hurudiwa kwa siku kadhaa, wala sugu haiondolewi yote kwa siku moja. Ikiwa inatoa damu au usaha, au haijulikani kama ni sugu au chunjua, ambayo husababishwa na kirusi, iende ikaonwe.

Hata hivyo tiba yoyote itashindwa ikiwa chanzo kimebaki. Kiatu kinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, kijaribiwe kwa miguu yote miwili, na vidole viweze kucheza ndani. Ushauri huu ni mwepesi kuutoa, lakini historia inatukumbusha kwamba uchaguzi haukuwa mikononi mwa wengi. Mpagazi hakuchagua njia, aliyetumwa akazi hakuchagua kazi, na mama anayenunua jozi moja ya mtumba kwa watoto wawili hachagui upana wa kiatu. Kwa hiyo kuzuia sugu si suala la usafi wa mtu binafsi pekee, bali pia la kipato chake na kazi anayofanya.

Wenzetu watakaofanya utafiti wa historia simulizi Gitega na Muyinga watawauliza wazee habari za watawala, na ni vema. Ningependa waongeze maswali mawili kwenye orodha yao: kiatu chako cha kwanza ulikivaa ukiwa na umri gani, na kabla ya hapo ulikwenda wapi kwa miguu? Wazee wanaoweza kuyajibu maswali hayo wanapungua kila mwaka, na majibu yao hayamo katika makabrasha ya Kijerumani wala ya Kibelgiji.