Kinga ya vitesi moja: inaweza kupewa vitesi nyingi?

Kutoka Kamanyola, chini ya mita 1,000, mpaka Bukavu, karibu mita 1,500, barabara inapanda kwa Ngomo na Nyangezi. Kule chini, kwenye tambarare ya Ruzizi, kinga ya vitesi moja inatosha. Ikifika Ngomo, mwenye kinga anashuka na kusukuma. Ndiyo sababu watu wanauliza: kitovu cha gurudumu la nyuma kilichotengenezwa kwa pinyo moja, kinaweza kubeba pinyo tano?

Kinaweza, lakini kuko kazi.

Tuanze na kitovu cha kinga ya mashindano ya uwanjani, ile isiyo na rulibre, ambayo pedali zinazunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Kitovu chake kiko na nyuzi za aina mbili. Nyuzi kubwa zinashika pinyo, na zinakazwa kuelekea kulia. Nyuzi ndogo zinashika pete ya kufunga, na hizo zinakazwa kuelekea kushoto, ili pinyo isifunguke mtu akisukuma pedali nyuma. Bahati nzuri, zile nyuzi kubwa ni sawa na za rulibre nyingi: inchi 1.37 kwa upana, nyuzi 24 kwa kila inchi. Pete unaitoa tu, kwa sababu rulibre inajikaza yenyewe unapokanyaga. Lakini angalia vitu vya zamani vya Kifaransa: vile ni milimita 34.7, tofauti ya kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukilazimisha, nyuzi za kitovu cha aluminiamu zinakwisha, na kitovu kimekufa.

Shida kubwa ni nafasi. Pinyo tano zitagusa kadre. Basi fundi anatafuta ekseli ndefu zaidi, anaongeza pete za nafasi upande wa kulia, kisha anakaza spoki za kulia na kulegeza za kushoto ili rimu irudi katikati. Kadre yenye nafasi ya milimita 120 inapokea pinyo tano. Kwa sita au saba inatakiwa 126. Kadre ya chuma inaweza kupanuliwa polepole, milimita 3 kila upande. Ya aluminiamu, hapana, itapasuka. Cheni nayo inabadilishwa, maana ile nene ya vitesi moja haiingii kati ya pinyo.

Na ekseli? Kadiri pete za kulia zinavyoongezeka, ndivyo beringi ya upande huo inavyokaa mbali na kadre, na ekseli inapinda haraka. Kwa kinga inayobeba gunia la muhogo, mimi singeweka zaidi ya pinyo tano.

Kuko njia ya bei ndogo zaidi. Kabla ya 1937, Tour de France haikuruhusu derayeri, na wakimbiaji walitumia kitovu chenye nyuzi pande mbili: pinyo ndogo huku, kubwa kule. Chini ya mlima wanashuka, wanageuza gurudumu, wanaendelea. Ukiwa na meno 44 mbele, weka 18 upande mmoja na 22 upande wa pili. Ile ya 22 inapunguza uzito wa kanyago karibu moja ya tano. Gurudumu linasogea sentimita 1 na kidogo tu, na nafasi ya kadre za kawaida inatosha.

Sasa jambo ambalo wengi wanasahau. Kinga isiyo na rulibre inasimamishwa na miguu. Nyingine zinasimama kwa kupiga pedali nyuma. Ukishabadilisha kitovu, breki hiyo haiko tena! Kabla ya kushuka hata mara moja, kutoka Kadutu au Ngomo, funga breki mbili, mbele na nyuma, na uzijaribu kwenye tambarare ukiwa na mzigo. Kwenye rimu za chuma mvua inafanya raba ziteleze, kwa hiyo siku ya mvua anza kubana mapema, mbali na kona.