Wanawake wa Majengo na Swali la Kinga

Kabla virusi vya UKIMWI havijajulikana Afrika Mashariki, madaktari wa Nairobi walikuwa wakihangaishwa na magonjwa ya zinaa ya siku nyingi, hasa kisonono na pangusa. Magonjwa hayo yalitibika kwa dawa za bei nafuu, lakini kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 dawa zilianza kushindwa. Mwaka 1976 wataalamu walitambua bakteria wa kisonono wenye kimeng'enya kinachovunja penisilini. Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho hukaa katika kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake. Na kila dozi isiyotosha huwaua walio dhaifu, ikawaachia nafasi wale sugu. Kwa sababu hiyo usugu ukishaingia mjini huenea upesi.

Mwaka 1980 Profesa Herbert Nsanze wa Chuo Kikuu cha Nairobi alimwalika Allan Ronald, mtaalamu wa maambukizi kutoka Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, washirikiane kuichunguza pangusa. Muda si mrefu akafuata daktari kijana aliyefunzwa na Ronald, Frank Plummer. Huyu alivutiwa zaidi na kisonono, naye alikuja na swali lake: ikiwa dawa zinazidiwa nguvu, je, chanjo inawezekana? Ili kulijibu, ilimpasa kwanza ajue kama mwili hujifunza lolote unapougua ugonjwa huo tena na tena.

Wenye jibu walikuwa wanawake waliofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani, wengi wao wakiwa wametoka Kagera, ng'ambo ya mpaka. Walitibiwa katika kliniki ndogo ya mtaani, wakakubali kutoa damu na kurudi kwa uchunguzi mwaka baada ya mwaka. Imani hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa na Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekaa nao barazani na kuzungumza nao kwa heshima. Bila yeye, nadhani, utafiti huu ungekufa mapema. Jibu kuhusu kisonono lilipopatikana halikufurahisha. Mwili ulijikinga dhidi ya aina ya bakteria uliyokwisha kukutana nayo, si dhidi ya nyingine, na kuna kingamwili ambazo aliyekuwa nazo aliambukizwa kwa urahisi zaidi. Kumbe si kila alama ya kinga ni kinga.

Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilipopatikana mwaka 1985, damu ya wanawake waliofanya biashara ya ngono Nairobi ilipimwa, pamoja na ile iliyokuwa imehifadhiwa tangu miaka ya nyuma. Mwaka 1981 waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 4. Mwaka 1985 walikuwa asilimia 61. Ongezeko kubwa hivyo lilihitaji maelezo, na baadhi yake yalipatikana katika maradhi yale yale ya awali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba mwanamume mwenye vidonda sehemu za siri, au ambaye hakutahiriwa, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Pangusa isiyosikia dawa, kwa kuwa huleta vidonda hivyo, ilikuwa ikivifungulia virusi mlango. Ngugi na wenzake walihimiza kondomu, matumizi yakapanda, na maambukizi mapya yakapungua.

Hata hivyo, miaka ilipita na wanawake wachache waliendelea kupimwa bila kukutwa na virusi, ingawa hawakuwa waangalifu kuliko wenzao. Wengine walisema ni bahati tu. Lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 1996 ilionyesha kwamba kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa, ndivyo uwezekano wa kuambukizwa baadaye ulivyopungua. Bahati haiendi hivyo. Wapo waliodhani ni ile hitilafu ya kurithi inayowakinga baadhi ya Wazungu, lakini wanawake hawa hawakuwa nayo. Ndipo Sarah Rowland-Jones wa Oxford na wenzake wa Nairobi walipokuta katika damu yao seli nyeupe zinazotambua virusi na kuua seli zilizoambukizwa.

Ugunduzi huo ulizaa chanjo iliyokusudiwa kuamsha seli za namna hiyo. Andrew McMichael na Tomáš Hanke wa Oxford waliiunda kwa kufuata aina A ya virusi, iliyoenea Kenya, na Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliongoza majaribio upande wa Kenya. Mwaka 2000 palitokea mgogoro wa haki miliki, Wakenya wakidai, na kwa haki kabisa, kwamba mchango wao umesahauliwa. Sindano za kwanza Nairobi zilitolewa mwaka 2001. Kufikia 2004 ilikuwa wazi kwamba ni wachache tu walioonyesha mwitikio, na mpango ukaachwa.

Kwa nini ilishindikana? Maelezo ya kwanza ni kwamba chanjo ilikuwa dhaifu, ila wazo lilikuwa sahihi. Ya pili yanagusa wazo lenyewe, na ushahidi wake ulikwisha kuonekana Majengo. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake waliodhaniwa kuwa na kinga waliambukizwa baadaye, mara nyingi baada ya kupumzika kazi kwa muda, seli zao za kuua zikiwa zimefifia. Huenda basi seli hizo zilidumu kwa sababu ya kukutana na virusi mara kwa mara. Huenda zilikuwa alama ya mapambano kuliko ngao. Mwaka 2007 chanjo nyingine, ya kampuni ya Merck, iliamsha seli za namna hiyo kwa watu wengi, lakini haikuwakinga. Kwangu mimi jaribio hilo linayapa uzito maelezo ya pili, ingawa halifuti kabisa ya kwanza.

Bwayo hakuona matokeo hayo: aliuawa na majambazi karibu na Nairobi Februari 2007. Plummer alifariki Nairobi Februari 2020, alipokuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano wa Nairobi na Manitoba. Miaka minne baadaye, utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba dawa ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, iliwakinga wanawake wote 2,134 waliopewa. Hiyo ni dawa, si chanjo: kinga yake hukoma sindano zikikoma, na virusi, sawa na bakteria wa kisonono, vina uwezo wa kujenga usugu dhidi yake. Kwa sababu hiyo utafutaji wa chanjo unaendelea.