Giaboksi ya Otomatiki: Historia ya Chombo na Tatizo la Majina Yake

Katika gereji nyingi usemi "giaboksi imekufa" hutumika kueleza hitilafu kadhaa zisizofanana hata kidogo. Usemi huu ni hukumu, wala si uchunguzi. Mwenye gari hulipia giaboksi nzima, kumbe pengine kilichoharibika ni sensa moja. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kufuatilia historia ya chombo hiki, ili tuone ni dhana zipi zinazostahili kupewa majina yake zenyewe.

Asili ya chombo hiki haimo katika magari. Mwaka 1905 Hermann Föttinger wa Ujerumani alipata hataza ya mtambo wa kupitisha nguvu kwa njia ya kimiminiko, uliokusudiwa kutumika katika meli. Mwaka 1939 General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya Hydra-Matic, iliyofungwa katika magari ya Oldsmobile ya 1940. Ilikuwa na gia nne za mbele, na dereva hakuhitaji pedali ya klachi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika pia katika vifaru vyepesi vya M5.

Hapa pana dhana mbili za kutenganishwa. Hydra-Matic ilikuwa na kiungo cha mafuta, ambacho hupitisha nguvu ya kuzungusha bila kuiongeza. Dynaflow ya Buick, iliyotoka 1948, ilikuwa na chombo kinachoweza kuizidisha nguvu hiyo gari linapoondoka. Hiki tunapendekeza kiitwe kigeuzanguvu. Vyote viwili huruhusu mteleza fulani ndani ya mafuta, na mteleza huo huzaa joto.

Joto ndilo lililoleta msiba katika magari ya familia. Novemba 1983 Chrysler ilianza kuunda basi dogo la familia huko Windsor, Kanada. Kwa magari ya 1989 ikaleta giaboksi ya A604, yenye gia nne zinazoongozwa na kompyuta. Gari la namna hii likivuta tela mlimani, kigeuzanguvu huteleza zaidi, mafuta huchemka na kupoteza sifa zake, na pleti za klachi zilizomo ndani huanza kuungua.

Dalili zake ni nyingi, na kila moja ina njia yake. Injini ikiongeza mizunguko lakini gari lisiongeze mwendo, huko ni kuteleza: mafuta yamepungua, au pampu haisukumi vya kutosha, au pleti zimelika. Mafuta yakiwa meusi na yakinuka moshi, huko ni kuungua. Gari likitikisika kana kwamba linapita juu ya matuta madogo, huko ni kutetemeka, na mara nyingi chanzo chake ni mafuta yasiyostahili. A604 ilihitaji mafuta maalumu ya Chrysler, lakini wengi waliitia Dexron, mafuta ya kipimo cha General Motors, nayo ikatetemeka.

Dalili ya nne ndiyo inayodanganya zaidi. Kompyuta ya A604 hulinganisha kasi inayoingia na kasi inayotoka katika giaboksi. Isiporidhika, hulibakiza gari katika gia ya pili peke yake. Likiwa na tela, gari huondoka kwa shida mno, na dereva husadiki kuwa giaboksi imekufa. Kwa kweli huko ni kujihami. Pleti zaweza kuwa zimelika, lakini pia sensa yaweza kuwa mbovu au waya umekatika. Hivyo fundi hupima kwanza kiasi, rangi na harufu ya mafuta, kisha husoma alama za hitilafu zilizohifadhiwa katika kompyuta, kisha hupima msukumo wa mafuta. Kuifungua giaboksi ni hatua ya mwisho.

Tunapendekeza basi kuteleza, kuungua, kutetemeka na kujihami yawe maneno manne yasiyobadilishana nafasi. Vilevile tusiseme "mafuta ya gia" tunapokusudia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, kwani hayo ya kwanza ni mazito, na yakitiwa humo huiharibu. Maneno haya yote si mageni. Mafundi wanayo tayari. Kazi iliyobaki ni kuyawekea mipaka, ili mwenye gari alipie kilichoharibika tu.