Kitambulisho cha kompyuta mteja katika NFS
Kitambulisho cha mteja ni mfuatano wa herufi ambao kompyuta hujitambulisha nao kwa seva ya faili. NFS, mfumo wa kushirikisha faili kupitia mtandao, ilibuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984. Katika toleo la 4, seva hutunza kumbukumbu za faili zilizofunguliwa na kufuli (haki za muda za kutumia faili bila kuingiliwa) za kila kompyuta. Kitambulisho hakina budi kuwa cha pekee na kudumu, kama namba ya NIDA isivyobadilika mtu akihama Iringa kwenda Mbeya.

Kwenye Linux kitambulisho hicho hutokana kwa kawaida na jina la kompyuta, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Tuseme duka la uchapaji la Mwanjelwa limenakili diski moja kwenye kompyuta zote, zikabaki na jina "localhost". Ya pili ikijiunga, seva huweza kudhani ni ile ya kwanza imewashwa upya, ikafuta kufuli zake huku mtu akiendelea kuandika. Kitambulisho kikibadilika baada ya umeme kukatika, kufuli za zamani hubaki hadi muda wake uishe, kwa kawaida sekunde 90.

Fundi aipe kila kompyuta jina lake, au aweke UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia) ya kudumu kwenye kigezo nfs4_unique_id kabla ya kuunganisha saraka ya kwanza.