McCartney II: mtu mmoja na mashine ya kukodi

Kila kazi ya sanaa iliyochekwa ilipotoka, kisha ikapendwa baadaye, huishia kupewa sifa ileile: eti ilitangulia wakati wake. Nimeisoma sifa hiyo mara nyingi mno juu ya McCartney II, albamu ambayo Paul McCartney aliirekodi peke yake kiangazi cha 1979 na kuitoa Mei 1980. Walioicheka wakati ule walikuwa waandishi wa muziki. Wanaoisifu leo ni waandishi wa muziki pia, pamoja na maDJ na vijana wanaotengeneza muziki wa elektroniki vyumbani mwao. Mimi naipenda albamu hii, tena sana, lakini hiyo sifa siikubali. Inaficha kilichotokea, na kilichotokea ni kizuri kuliko sifa yenyewe.

Tuanze na mwaka. Julai 1979 McCartney alikuwa na miaka 37. The Beatles walikuwa wamesambaratika karibu miaka kumi nyuma. Bendi yake iliyofuata, Wings, ilikuwa imeshampa kila kitu ambacho bendi inaweza kumpa mtu, ikiwemo singo ya mwaka 1977, Mull of Kintyre, iliyouza zaidi ya nakala milioni mbili Uingereza peke yake. Juni 1979 Wings walitoa Back to the Egg. Kwa ajili ya albamu hiyo McCartney alikuwa amewakusanya wanamuziki wa roki zaidi ya ishirini katika studio za Abbey Road, London, Oktoba 1978, wakiwemo watu wa The Who, Led Zeppelin na Pink Floyd, ili wapige wote kwa pamoja kama okestra. Majina mazito, kelele nyingi, faida ndogo. Wahakiki hawakuipenda na mauzo hayakufikia matarajio. Ukiisikiliza leo unamsikia mtu aliyechoka kuongoza watu. (Hili la mwisho ni langu mwenyewe; najua wapo mashabiki wa Wings watakaonijia juu.)

Mwezi uliofuata akakodi mashine.

Ilikuwa Studer ya njia 16, yaani rekoda kubwa ya tepu inayopokea sauti kumi na sita, kila moja kwenye njia yake, kisha kuzitoa zote kwa pamoja. Alipanga kukaa nayo wiki mbili hivi, ajichezee tu. Sasa, katika studio ya kawaida, kati ya maiki na rekoda ya aina hiyo huwa kuna meza kubwa ya kuchanganyia sauti, na kwenye meza hiyo huwa ameketi fundi. McCartney aliwaruka wote wawili. Alichomeka maiki moja kwa moja nyuma ya mashine. Alifanyia kazi nyumbani kwake Sussex, kusini mwa Uingereza, na shambani kwake karibu na Campbeltown, magharibi mwa Uskoti. Dramu alipiga yeye, besi yeye, gitaa yeye, vinanda yeye. Mkewe Linda aliitikia hapa na pale. Wiki mbili zikapita na mashine haikurudishwa.

Hilo la kuiruka meza si jambo dogo la kiufundi la kupitia harakaharaka. Meza ndiyo inayosamehe. Sauti ikiwa nyembamba, fundi anaiongezea nyama. Ikiwa kali, anaipunguza. Asiyekuwa nayo inabidi apate sauti anayoitaka pale pale, kabla haijaingia kwenye tepu: asogeze maiki, ahamie chumba chenye mwangwi, apige kwa nguvu zaidi au kidogo. Ndiyo maana dramu za McCartney II zinasikika kama ziko ndani ya ndoo, na ndiyo maana huwezi kuzichanganya na dramu za albamu nyingine yoyote ya mwaka ule.

Jambo la pili ni namna nyimbo zenyewe zilivyopatikana. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akitunga melodi kwanza, na melodi zake zilimfanya tajiri. Safari hii mara nyingi aliingia bila wimbo kabisa. Coming Up ilianza na dramu peke yake, kisha akaongeza chombo kimoja juu ya kingine mpaka kitu kikaanza kufanana na wimbo. Hata sauti yake aliichezea, akabadilisha mwendo wa tepu na kuipitisha kwenye mashine ya mwangwi, ikatoka nyembamba, ya puani, kama mtu anayekuimbia kupitia simu ya zamani. Fikiria kidogo: sauti mojawapo inayotambulika zaidi duniani, na mwenyewe anaificha.

Halafu kuna Temporary Secretary. Wasioijua watafute kabla ya kuendelea kusoma, nitawasubiri. Injini ya wimbo ule ni sikwensa, kifaa kinachoiamrisha sintesaiza ipige mfululizo wa noti bila mkono wa mtu, noti zilezile, mwendo uleule, mpaka ukizime. Juu ya huo mchirizi wa noti, McCartney anaimba kama mwajiri anayemwomba mkuu wa wakala amtafutie katibu muhtasi wa muda. Basi, habari ndiyo hiyo. Ni wimbo unaokera na kuchekesha kwa wakati mmoja. Sikio langu, lililokua na kelele za spika za vigodoro, lilishangaa kitu kimoja tu: kwamba mzungu wa mashambani alikuwa na ujasiri wa kuuachia uendelee hivyo bila kuupunguza makali.

Je, alitangulia wakati? Hebu tuangalie kalenda. Kraftwerk wa Ujerumani walikuwa wametoa The Man-Machine mwaka 1978. Yellow Magic Orchestra wa Japani walitoa albamu yao ya kwanza mwaka huohuo. Na katika Julai hiyohiyo ya 1979, McCartney akichomeka maiki zake, wimbo namba moja nchini Uingereza ulikuwa Are "Friends" Electric? wa Gary Numan na Tubeway Army, wimbo uliojengwa juu ya sintesaiza, uliokaa kileleni wiki nne. Mtu aliyekuwa na redio jikoni alizisikia sauti hizo. McCartney hakuona mbele. Alikuwa amesikiliza kilichokuwa kikipigwa, akataka kujua kinafanywaje, akajaribu kwa mikono yake. Kwangu mimi hilo ni kubwa zaidi. Nabii anasifiwa kwa kitu ambacho hakukifanyia kazi. Huyu alikuwa mtu mashuhuri wa miaka 37 aliyekubali kuwa mwanafunzi tena, tena mwanafunzi asiye na mwalimu chumbani.

Hata kufanya peke yake hakukuwa kupya. Albamu yake ya kwanza bila The Beatles, iliyoitwa McCartney tu, ya mwaka 1970, aliianza nyumbani London kwa namna hiyohiyo: rekoda ya Studer, ya njia nne safari ile, na hakuna fundi. Nayo ilikuja wakati bendi inamfia mikononi. Jamaa huyu, bendi ikimlemea, hujifungia ndani.

Zilipofika nyimbo takriban ishirini, aliziweka kando na kurudi kwa Wings. Zingeweza kubaki huko. Kilichozitoa, kwa kiasi kikubwa, ni Tokyo.

Januari 16, 1980, Wings walipofika uwanja wa ndege wa Narita kwa ziara ya maonyesho 11, maofisa wa forodha walikuta bangi kwenye mzigo wa McCartney, gramu 219. Alilala rumande usiku tisa, akafukuzwa nchini, na ziara nzima ikafutwa. Wings hawakupona, mwaka uliofuata bendi ilikuwa imekwisha. Aliporudi nyumbani aliandika kumbukumbu ya siku zile za rumande, akaichapisha nakala moja tu, yake mwenyewe. Nalipenda sana jambo hili kwa sababu linaelekea kulekule: kutengeneza kitu kwanza, na swali la nani atakisoma lije baadaye, au lisije kabisa. Zile tepu za kiangazi zilikuwa za aina hiyo. Lakini sasa hakuwa na ziara na bendi ilikuwa imetawanyika, na kilichokuwepo tayari kilikuwa ni zile nyimbo. Alifikiria santuri mbili, ikapungua ikawa moja, nyimbo 11.

Moja ya hizo 11 ni kipande kisicho na maneno kinachoitwa Frozen Jap. "Jap" ni neno la dharau kwa Wajapani, na kwa kuwa albamu ilitoka miezi minne baada ya rumande, wengi walidhani analipiza kisasi. Kipande kilirekodiwa kabla ya Tokyo, kwa hiyo kisasi hakiwezekani. Lakini neno ni neno. Kwenye nakala za Japani walilibadilisha likawa Frozen Japanese, maana yake mtu aliliona tatizo, kwingineko wakaliacha. Muziki wenyewe ni mojawapo ya vipande safi zaidi kwenye albamu. Jina lake sina namna ya kulitetea.

Mauzo hayakuwa mabaya hata kidogo: namba moja Uingereza, namba tatu Marekani. Huko Marekani, hata hivyo, redio zilikwepa Coming Up ya shambani zikapiga toleo lingine, la Wings jukwaani mjini Glasgow Desemba 1979, lenye sauti ya kawaida na tarumbeta. Hilo ndilo lililofika namba moja. Mhamiaji mmoja, mkazi wa New York aliyekuwa hajatoa albamu tangu 1975, hakukubaliana na redio. John Lennon alisema katika mahojiano ya mwaka huo kwamba anaupenda wimbo, na kwamba toleo la ajabu alilolitengeneza Paul peke yake linampendeza kuliko lile la Glasgow. Mara nyingi husimuliwa kwamba Coming Up ndiyo iliyomchokoza arudi kazini. Sijui kama wimbo mmoja unaweza kubebeshwa mzigo wote huo. Ila Agosti 1980 Lennon alikuwa studio, Novemba akatoa Double Fantasy, na Desemba 8 akauawa. Kati ya maneno ya mwisho aliyoyasema hadharani kuhusu kazi ya mwenzake, yamo hayo ya kupenda sauti iliyopotoshwa ya mtu aliyejifungia shambani.

Wahakiki wa 1980 hawakuwa wajinga, na sipendi wanavyogeuzwa kuwa kichekesho. Walikuwa na hoja. Bogey Music, iliyotokana na kitabu cha watoto cha Raymond Briggs, ni mzaha ambao haukuhitaji kutoka nje ya nyumba. Front Parlour inasikika kama mtu anayejaribu vitufe vya kinanda kipya dukani. Na swali lao la msingi lilikuwa halali: kijana asiye na jina angepeleka tepu hizi kwa kampuni ya rekodi, nani angempokea? Jibu ni hakuna. McCartney alikuwa na mashamba, muda, pesa ya kukodi Studer wiki baada ya wiki, na kampuni ambazo zingetoa chochote chenye jina lake. Uhuru wake ulikuwa wa gharama. Wangapi kiangazi kilekile walikuwa na mawazo ya ajabu kuliko yake na hawakuwa na hata rekoda?

Lakini mwaka huohuo wa 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, kimashine cha kuwekwa mezani kinachorekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Miaka mitatu baadaye Bruce Springsteen alikitumia kurekodi Nebraska chumbani kwake. Baada ya hapo kikaja kizazi cha kompyuta, na leo kurekodi peke yako, kuanza na biti badala ya melodi na kuchezea sauti mpaka isijulikane ni ya nani ndiyo njia ya kawaida ya kutengeneza wimbo, iwe Berlin au Mburahati. Kilichobadilika kati ya kicheko cha 1980 na sifa za leo ni masikio yetu. Tepu ni zilezile. Msikilizaji wa 1980 alisikia kazi ambayo haijamalizika. Kijana wa leo anasikia chumba kinachofanana na chake.

Na akisikiliza vizuri atafika kwenye Waterfalls, ambayo haina mzaha wowote. Kinanda cha umeme, nyuzi za sintesaiza zinazopita kama ukungu, na mwanamume anayewasihi awapendao wasijitie hatarini. Mashine ileile iliyotoa Temporary Secretary ikatoa na hii. Uingereza ilifika namba tisa, Marekani haikufika popote.

Ilimchukua miaka 35 kuipiga Temporary Secretary mbele ya watu: Mei 2015, ukumbi wa O2, London. Nimetazama video. Watu wa mbele wanarukaruka kwa furaha kama waliokuwa wakiidai siku zote.

Wimbo ninaourudia mimi lakini haukuingia hata kwenye zile 11. Unaitwa Secret Friend, uliwekwa nyuma ya singo ya Temporary Secretary, na una urefu wa zaidi ya dakika kumi. Hauna kiitikio cha kukumbuka. Mdundo unazunguka, sauti inapita kwa mbali na kurudi, ngoma ndogondogo zinaingia na kutoka. Ukifika dakika ya saba unaanza kuelewa kwamba hana mpango wa kwenda popote; ameiwasha mashine, imemnogea, na hakuna mtu mlangoni wa kumwambia muda wa studio umekwisha.