Hofu ya kuambukizwa VVU: Saa 72 za kwanza na miezi mitatu ya kusubiri

Hofu ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI inaweza kumnyima mtu usingizi kwa miezi mingi kabla hajajua kama ana sababu ya kuogopa. Wilayani Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, hofu hiyo huwapata wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakimbizi kutoka Kongo. Anayefahamu ukubwa halisi wa hatari, wakati wa kuchukua hatua na muda wa kipimo ana silaha ya kwanza ya kuikabili.

Ufuo wa watu wengi

Nchelenge imo katika Jimbo la Luapula, ikitazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa. Hospitali ya Mtakatifu Paulo iko Kashikishi, mji uliopakana na Nchelenge, na wakazi wa visiwa vya Kilwa na Isokwe hutegemea vyombo vya majini ili kufika bara. Mapigano yaliyotokea mwaka 2017 katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwalazimu maelfu ya Wakongo kukimbilia wilayani humo, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Wengi wao huzungumza Kiswahili.

Katika Kiswahili cha Kongo ugonjwa huo huitwa SIDA na virusi vyake VIH, kwa kufuata Kifaransa. Katika zahanati za Zambia, ambako Kiingereza na Kibemba hutawala, neno linalosikika ni HIV. Majina hayo yote yanahusu virusi vilevile. Mtu asiyeelewa anachoambiwa anaweza kuomba mkalimani, na anaweza pia kusema kwamba hapendi jirani au ndugu yake amtafsirie.

Wasiwasi huo una msingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba takriban watu 11 katika kila watu wazima 100 nchini Zambia wanaishi na VVU. Katika maziwa mengi ya Afrika, likiwemo Ziwa Victoria ambako desturi hiyo hujulikana upande wa Kenya kama jaboya, baadhi ya wanawake wanaonunua samaki hushinikizwa kutoa mwili ili wapate mzigo. Mwanamke aliyeingia katika hali hiyo kwa ajili ya kuwalisha watoto anahitaji huduma ya haraka isiyoambatana na lawama.

Saa 72 za kwanza

Mtu aliyekutana na hatari muda si mrefu hapaswi kukaa nyumbani akisubiri dalili. Zipo dawa za kinga zinazoweza kuzuia virusi visijikite mwilini, mradi zianze kutumiwa ndani ya saa 72. Kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi, na ni vizuri zaidi zianze ndani ya siku ya kwanza. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa anayeishi kisiwani au katika kambi ya wavuvi. Tukio la Ijumaa usiku linaacha nafasi hadi Jumatatu usiku, na chombo kinachoondoka Jumamosi asubuhi ni bora kuliko cha Jumapili. Aliyebakwa naye anastahili kupata dawa hizo pamoja na dawa ya kuzuia mimba, na ni vyema afike hospitalini mapema iwezekanavyo kwa sababu saa zinahesabika.

Hatari ina ukubwa gani?

VVU haviambukizwi kwa kuumwa na mbu, kula sahani moja, kupeana mikono, kutumia choo kimoja wala kuoga ziwani. Huambukizwa kwa kujamiiana bila kinga, kwa damu, kwa sindano zilizotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha.

Hata pale hatari ilipo, tukio moja halimaanishi maambukizi. Makadirio ya kitaalamu yanaonyesha kwamba mwanamke aliyejamiiana mara moja kwa njia ya kawaida na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban mara 8 katika 10,000. Kwa mwanamume aliyejamiiana na mwanamke mwenye VVU ni takriban mara 4. Kujamiiana kwa njia ya haja kubwa ni hatari zaidi: kwa anayeingiliwa, ni takriban mara 138 katika 10,000. Hatari huongezeka iwapo mmoja wao ana ugonjwa mwingine wa zinaa, au iwapo mwenye virusi ameambukizwa karibuni. Takwimu hizo hazimruhusu mtu kuacha kinga, lakini zinamwonyesha mwenye hofu kwamba mlango haujafungwa.

Kwa nini kipimo kinahitaji muda

Kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza baada ya kuingiliwa na virusi, na kingamwili hizo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Ndiyo maana jibu la siku chache baada ya tukio haliwezi kumthibitishia mtu kwamba yu salama. Anayepima mapema hujua hali aliyokuwa nayo kabla ya tukio, kisha hurudia kipimo baada ya miezi mitatu ili apate jibu la uhakika. Aliyetumia dawa za kinga hufuata tarehe anazopangiwa na mhudumu.

Vipo pia vipimo ambavyo mtu hujipima mwenyewe kwa majimaji ya ufizi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo mwaka 2016, baada ya mradi wa kuisambaza kuanza Malawi, Zambia na Zimbabwe. Jibu la kipimo hicho linaloonyesha maambukizi ni sharti lithibitishwe kituoni.

Mwili wenye hofu husema uongo

Moyo kwenda mbio, jasho, kuharisha, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito vyote vinaweza kuletwa na wasiwasi peke yake. Mwenye hofu huviona, huamini kwamba ndizo dalili, na hofu yake huongezeka.

Ni kweli kwamba baadhi ya watu hupata homa, vipele, maumivu ya koo na kuvimba tezi wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa. Lakini dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine mengi, na Nchelenge ni miongoni mwa maeneo ya Zambia yenye malaria nyingi sana. Mwenye homa huko apimwe malaria bila kuchelewa. Anayedhani homa yake ni ya VVU na kujificha nyumbani anaweza kuuawa na malaria inayotibika.

Jinsi ya kusubiri

Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Watu wa ziwa wanajua kwamba miezi mitatu ni mirefu, lakini ina mwisho. Kusubiri kipimo cha mwisho kunaweza kupangwa vivyo hivyo.

Jambo la kwanza ni kuandika tarehe ya kipimo, kisha kuacha kupima kila wiki na kujikagua ngozi na shingo kila saa, kwa maana faraja ya ukaguzi huisha upesi na kuomba ukaguzi mwingine. Jambo la pili ni kumwambia mtu mmoja mwaminifu, awe mnasihi, mhudumu wa afya au ndugu anayetunza siri. Jambo la tatu ni kuendelea na kazi, chakula na usingizi, na kujiepusha na pombe, ikiwemo kachasu, ambayo hutuliza kwa usiku mmoja na kuzidisha huzuni asubuhi. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, husaidia moyo unapokwenda mbio. Sala huwapa wengi nguvu, ila haichukui nafasi ya kipimo. Katika muda wote huo kondomu hulinda mwenzi.

Mjamzito au anayenyonyesha asisubiri, bali amweleze mhudumu mara moja. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU huambukizwa. Kwa matibabu, idadi hiyo hushuka chini ya watoto 5.

Majibu yanapotoka

Anayekutwa na VVU huanza dawa mapema, na katika vituo vya umma nchini Zambia hutolewa bila malipo. Anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane tena katika kipimo cha damu hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu jozi 782 za wapenzi wa kiume barani Ulaya, ambamo mwenzi mmoja alikuwa na VVU na anatumia dawa, haukupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo.

Baadhi ya wakimbizi huogopa kwamba majibu yatawafanya warudishwe walikotoka. Msimamo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ni kwamba mkimbizi asilazimishwe kupima, na hali yake ya VVU isiwe sababu ya kumnyima hifadhi wala kumrudisha.

Asiyekutwa na VVU baada ya miezi mitatu anaweza kuliamini jibu hilo, mradi hakukutana na hatari nyingine. Ikiwa hofu inaendelea hata hivyo, hofu yenyewe sasa ndiyo inayohitaji tiba, na mara nyingi nyuma yake kuna hatia au aibu isiyosemwa. Nchini Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafunza akina bibi kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, na utafiti wa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba uliwapunguzia dalili. Mtu anayefikiria kujiua apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.